Mafunzo ya bastola kwa walinzi wa fedha: tathmini ya siku moja uwanjani

Walinzi wanaosindikiza fedha za maduka ya Darajani, eneo la soko mjini Zanzibar, hadi benki hubeba bastola mwaka mzima, lakini wengi wao wakifikishwa kwenye uwanja wa shabaha humaliza sanduku la risasi 50 wakiwa wamesimama mahali pamoja, wakiitoboa karatasi bila haraka wala lengo. Kwa hiyo nilifuatana na walinzi wetu katika mafunzo ya siku moja yanayotolewa hapa Unguja, nikitaka kujua kama yanastahili kulipiwa.

Lililonipendeza zaidi ni mpangilio. Mkufunzi alianza na kanuni nne za usalama zilizoenezwa na Jeff Cooper, mwalimu wa ufyatuaji bastola wa Marekani: kila bastola ihesabiwe kuwa ina risasi, mtutu usielekezwe kwenye kitu usichokusudia kukiharibu, kidole kikae mbali na kifyatulio mpaka uwe umelenga, na uijue shabaha yako pamoja na kilichoko nyuma yake. Mara tu baada ya hapo, bila mazoezi yoyote ya kujiandaa, kila mlinzi alitoa bastola kwenye ala na kufyatua risasi tano kutoka mita 5, akaandikiwa muda na alama zake. Hatua hii naithamini sana, kwa kuwa mvamizi hampi mlinzi nafasi ya kujizoeza kwanza.

Kisha silaha zilitolewa risasi, zikakaguliwa kwa macho na kwa kidole, na walinzi wakarudia polepole mwendo mzima wa kushika mpini, kuinua, kulenga na kubonyeza kifyatulio bila kuitikisa bastola. Waliporejea kwenye risasi halisi, walijaziana magazini, yaani kisanduku cha risasi kinachoingia kwenye mpini, na kuchanganya humo risasi bandia zisizolipuka, hata anayefyatua asijue ipi itafuata. Bastola isipolia na mtutu ukainama, wote huona kwamba mwenzao anautangulia mshindo; naye hapo hapo alitakiwa apige kitako cha magazini, avute nyuma sehemu ya juu ya bastola, aiachie, na aendelee ikiwa bado kuna haja. Sijaona zoezi linalofundisha mengi kwa risasi chache kiasi hiki.

Kasoro kubwa ni kwamba kila karatasi ilikuwa ya kupigwa. Katika msongamano wa Darajani, nyuma ya mwizi kuna muuza samaki, kuna mama na mwanawe, na mara nyingi uamuzi sahihi ni kupaza sauti, kujikinga na kutofyatua kabisa. Jambo hilo lilitajwa kwa maneno tu, halikufanyiwa mazoezi. Vilevile chakula kililetwa karibu na mstari wa kufyatulia kabla watu hawajanawa kwa maji baridi na sabuni, ilhali vumbi linalotokana na kufyatua lina madini ya risasi (lead) yenye sumu.

Nimependekeza kwa mwajiri tuwapeleke tena, kwa sharti kwamba ziwepo karatasi zenye picha za watu walioshika simu au mkoba, na mlinzi atakayezipiga ahesabiwe kuwa amefeli hata kama alama zake nyingine ni nzuri.