Petunia za Purple Wave baada ya misimu mitatu ya jua kali

Mbele ya nyumba yetu hapa Columbus, Ohio, kuna kibustani kinachopigwa jua tangu saa nne asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Ikifika Julai, karibu kila nilichopanda hapo kilinyauka. Ndipo nikajaribu miche sita ya Purple Wave, petunia (ua la bustani) ya kutambaa iliyoshinda mwaka 1995 tuzo ya All-America Selections, shirika la Marekani linalojaribu mimea mipya ya bustani.

Haikunyauka. Kimo chake hakizidi kiganja, ila inatambaa: mche mmoja ulitandaa zaidi ya mita moja, na kufikia Agosti udongo hauonekani, ni zambarau tupu. Nilichofurahia zaidi ni kwamba sikuhitaji kuchuma maua yaliyosinyaa. Mama kule Moshi alikuwa anainamia petunia zake za kawaida kila asubuhi, anachuma moja moja, vidole vinanata utomvu.

Mwaka wa pili nikaipanda pia kwenye vikapu vya kuning'iniza barazani. Hapo kazi ipo. Siku za joto kikapu kinataka maji asubuhi na jioni. Nikichelewa kurudi kazini naikuta imelala kabisa. Mara mbili niliiokoa kwa kuzamisha kikapu kizima kwenye ndoo kwa nusu saa. Halafu ina njaa! Majani machanga yaligeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, dalili ya kukosa madini ya chuma. Nikahamia mbolea ya maji yenye chuma, mara moja kwa wiki, na rangi ikarudi. Ikirefuka na kubaki vijiti katikati, kata theluthi bila huruma. Yangu ilichanua tena baada ya wiki tatu hivi.

Agosti jihadharini na viwavi vya kijani vinavyotoboa matumba. Hushambulia tumbaku pia, na petunia ni ukoo mmoja nayo. Mimi huviokota kwa mkono jua likizama, na tochi.

Mbegu zake msihifadhi. Ni chotara, watoto hawafanani na mama. Nilijaribu nikapata maua madogo yaliyopauka.

Kwa ardhini naipa nyota tano, kwa kikapu tatu. Msimu huu naongeza miche minne, yote chini, na kikapu nitabaki nacho kimoja tu, kile kilicho karibu na bomba.