Programu ya kuingilia kompyuta ya mbali: ipi ununue, ipi utumie bure

Mhasibu mmoja ninayemhudumia Njiro alikwama Moshi msibani siku ya mishahara. Faili liko kwenye kompyuta ya ofisini Arusha, kompyuta inawaka, intaneti ipo. Ila programu waliyoweka ilimtaka mtu akae mbele ya skrini abonyeze "kubali", na pale alikuwepo mlinzi tu, asiye na ufunguo wa ofisi. Watu walilipwa kesho yake. Tangu hapo, kabla sijauliza bei nauliza hili: itafunguka pasipo mtu upande wa pili?

Kwa matumizi ya nyumbani, ya kwanza kwangu ni Chrome Remote Desktop. Ni bure, inahitaji akaunti ya Google na PIN ya tarakimu sita au zaidi, na inaingia bila kusubiri mtu akubali. Ukitaka kumsaidia mama aliyeko Kibosho, anakusomea msimbo unaodumu dakika tano, kisha anabonyeza kukubali. Kwa ofisi ya watu wengi siipendekezi, kwa sababu kompyuta inafungwa kwenye akaunti ya mtu mmoja. Mtu huyo akiacha kazi, mtahangaika.

Ofisi ndogo yenye fundi wake ichukue RustDesk. Ni programu huria, yaani maandishi yaliyoiunda yako wazi kwa yeyote kuyasoma, na unaweza kuweka seva yako mwenyewe (kompyuta inayounganisha pande mbili), mawasiliano yasipitie kwa mtu mwingine. Kuisimamisha kunataka mtu anayejua kazi.

Ya tatu ni AnyDesk, ya Ujerumani. Ni nyepesi, inavumilia bando dhaifu. Mwaka 2024 kampuni ilitangaza kwamba seva zake zimevamiwa, ikabadilisha vyeti vya kidijitali vinavyothibitisha kwamba programu ni yake kweli. Kwa hiyo pakua toleo jipya, tena kwenye tovuti yao yenyewe, siyo kwenye flashi ya rafiki. Biashara inatakiwa kulipia leseni.

TeamViewer imekamilika kuliko zote hizi, lakini bure yake ni ya mtu binafsi. Ikihisi unaitumia kibiashara, inakubana muda. Kampuni ya utalii yenye matawi itamudu ada yake ya mwaka. Duka la steshenari, hapana.

Remote Desktop ya Windows naiweka mwisho. Kompyuta yenye Windows Home haiwezi kuingiliwa kwa njia hii, inahitaji toleo kama Pro. Na usifungue poti 3389, mlango ambao programu hii hupitia, moja kwa moja kwenye intaneti, wavamizi wanaitafuta usiku na mchana. Ipitishe kwenye VPN, yaani njia ya faragha iliyofungwa ndani ya intaneti.

Yoyote utakayochagua, umeme ukikatika usiku imekufa. Ingia kwenye BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguliwa kompyuta inapowaka) uiambie kompyuta iwake yenyewe umeme ukirudi, zima hali ya kulala, na ruta iwe kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Kisha jaribu ukiwa nyumbani kabla hujasafiri.

Na mtu akikupigia akijiita wa benki au wa mtandao wa simu, akakutaka upakue mojawapo ya hizi na umsomee namba inayotokea, kata simu, halafu ipigie benki wewe mwenyewe kwa namba iliyo nyuma ya kadi yako.