Uzoefu wangu na meza ya kutikisa ya 6-S kwenye bati laini

Kwa wenzangu wa Kyerwa, mkoani Kagera, na kwa yeyote anayesaga mawe ya bati: meza hii, yaani ubao ulioinama unaotikiswa huku maji yakipita juu yake ili kutenga bati zito na mchanga mwepesi, ni nzuri, ila tunaidai kazi isiyo yake. Nimeilisha mawe meupe ya kwatzi yenye maika. Kwa punje za milimita 1 kushuka hadi maikroni 50 (maikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) sijaona kifaa cha bei yake kinachoishinda. Chini ya hapo hasara inaanza, na ukifika maikroni 20 bati jingi linaondoka na maji.

Uzito si tatizo. Kasiterite, yaani madini yenye bati, ni nzito karibu mara 7 ya maji, kwatzi mara 2.65. Tatizo ni kasi ya kuzama, ambayo hupungua kwa mraba wa kipenyo: punje ya maikroni 10 huzama polepole mara 25 kuliko ya maikroni 50. Maji huibeba kabla haijagusa ubao.

Ndiyo maana bati hupotelea kinuni kabla ya kufika mezani. Kasiterite ni ngumu lakini huvunjika kama kioo, na ukisaga mpaka kila kitu kiwe unga umejitengenezea tope, yaani unga laini mno unaochukuliwa na maji. Vunja hadi milimita 2, chekecha, pitisha mezani. Kisha angalia mchanga wa kati, ule unaotoka kati ya mstari wa bati na mchanga mtupu, kwa kioo cha kukuzia: saga upya zile punje tu ambazo bati bado limeng'ang'ania jiwe. Zilizokwisha kuachana zirudishe mezani bila kuzisaga.

Jambo lililonipa faida kuliko yote ni kupanga mchanga kwa maji yanayopanda, si kwa chekeche peke yake. Ndani ya sanduku la kupangia, punje ya kwatzi ya maikroni 100 huzama sawa na ya bati ya maikroni 52 hivi, kwa hiyo hutoka tundu moja. Mezani, ile ndogo nzito hujificha chini kati ya vijiti vilivyopigiliwa juu ya ubao na kusukumwa hadi mwisho wa ubao. Ile kubwa nyepesi hubaki juu na kuoshwa pembeni. Ukichanganya saizi zote, mistari ya rangi ya bati na mchanga juu ya ubao haijitengi hata ufanyeje.

Vipimo vyangu: kwa mchanga laini, ubao usogee milimita 10 hadi 12, mara 320 hadi 340 kwa dakika; kwa mchanga mkubwa, milimita 18 hadi 22, mara 260 hadi 280. Mchanga uwe asilimia 20 hadi 25 ya uzito wa uji wa mchanga na maji unaoingia. Kibao cha mashine kinataja hadi tani 1.8 kwa saa, lakini hiyo ni ya mchanga mkubwa. Kwa laini usizidishe nusu tani, na iingie kwa kasi ileile muda wote. Ukilisha kwa beleshi, mstari wa bati unahamahama na anayetenganisha bati na mchanga mwishoni mwa ubao anakosa pa kukata.

Kasoro zake? Springi hulegea; ukisikia kugonga, kaza kabla mchanga haujasimama juu ya ubao. Msingi uwe wa zege, na ubao upimwe kwa pimamaji, maana meza inayotikisa mbao zilizo chini yake inapoteza mwendo. Grisi ikidondokea maji, bati laini huelea juu na kuondoka. Mchanga mkavu nao huelea vilevile, uloweke kwanza.

Marudio, yaani mchanga unaotupwa baada ya meza, yapime kila zamu kwa karai. Ukiwa na shaka na punje nyeusi, ziweke na vipande vya zinki ndani ya asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa, nje penye upepo: za bati huvaa ngozi ya kijivu inayong'aa. Madini meusi ya chuma, kama magnetite na hematite, hubaki vilevile, na hayo hufuata bati mpaka kwenye makinikia. Sumaku ya mkononi hutoa magnetite tu; hematite inahitaji sumaku kali, baada ya kukausha.

Tope la chini ya maikroni 40 litolewe kabla ya meza. Lina vifaa vyake, kama mashine za mzunguko za Falcon, na kule mgodi wa Renison, Tasmania, Australia, bati laini hukamatwa kwa povu na kemikali. Kama huna, lihifadhi kwenye bwawa lake peke yake, lisichanganyike na marudio ya mchanga.