VITA: huduma ya bure ya kujaza fomu za kodi Marekani

Kwa mfanyakazi wa kipato cha chini Marekani anayedai EITC, nafuu ya kodi iliyoanzishwa mwaka 1975, VITA ndiyo huduma ya kukimbilia kwanza. Ni bure, wajitolea wake hufaulu mtihani wa IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), na kila fomu hukaguliwa na mtu wa pili kabla ya kutumwa. Ukaguzi huo una thamani kubwa: kosa linalojirudia ni kumdai mtoto ambaye hakuishi nawe zaidi ya nusu mwaka, na kupuuza masharti kwa makusudi hukufungia nafuu hiyo miaka 2.

Beba kitambulisho, kadi za Social Security (zenye namba ya hifadhi ya jamii) za familia nzima na W-2 zote, yaani fomu za mwajiri zinazoonyesha mshahara na kodi iliyokatwa.

Kasoro ni foleni, na hesabu ya EITC yenyewe haielezwi vya kutosha. Mwenye watoto wawili huongezewa senti 40 kwa kila dola anayochuma mwanzoni. Mapato yakivuka kiwango fulani, nafuu hupunguzwa takriban senti 21 kwa kila dola ya ziada. Ndiyo maana tafiti nyingi zimeona nafuu hii ikiwavuta akina mama wasio na wenzi kuingia kazini, huku saa za walioajiriwa tayari zikibadilika kidogo tu.

Marejesho ya kodi (pesa unazorudishiwa) yenye EITC hayatoki kabla ya katikati ya Februari, popote unapojazia. Usikubali mkopo wa kuyasubiri.