Chuo binafsi kando ya Thika Road: masomo safi, lakini ulizia karo mapema

Mpwa wangu yuko mwaka wa nne katika chuo kikuu cha binafsi kando ya Thika Road, anasomea biashara. Mimi ndiye mlezi wake hapa Nairobi na karo hupitia mkononi mwangu. Jina la chuo naliweka kando. Nawaandikia wazazi wanaofikiria vyuo vya aina hii.

Ufundishaji ni mzuri sana. Wahadhiri wanaingia darasani kwa wakati, majaribio yanarudi yamesahihishwa na maelezo pembeni, na mhadhiri wa takwimu aliwahi kumpigia kijana simu kuuliza mbona haonekani. Wenzake aliomaliza nao sekondari, walio vyuo vya umma, wamekaa nyumbani wakati wa migomo ya wahadhiri; yeye muhula wake haujawahi kusimama. Hosteli za chuo ni ghali, kwa hiyo amepanga mtaa wa Zimmerman na anapanda matatu.

Sasa karo. Kijana hakuingia hapa kwa pesa zetu. KUCCPS, shirika la serikali linalowagawia wanafunzi nafasi za vyuo, ilimpangia nafasi Septemba 2022 kama mwanafunzi anayefadhiliwa na serikali. Mpango huo wa kupeleka wanafunzi wa serikali vyuo binafsi ulianza 2016, na vyuo binafsi viliuhitaji: mwaka huohuo usimamizi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, ulikazwa, waliopata C+ na zaidi, alama ya kuingia chuo kikuu, wakashuka hadi 88,929, ilhali mwaka uliotangulia walipita 160,000. Vyuo vya umma vikawa na nafasi ya kuwachukua wote. Bila wanafunzi wa serikali, vyuo vingi binafsi vingebaki na madarasa matupu.

Shida ni kwamba serikali ilileta wanafunzi na pesa zikachelewa, deni likafika mabilioni. Chuo chetu kiliamua kumbana mwanafunzi. Wiki ya mitihani kijana aliambiwa kadi yake ya mtihani imezuiwa kwa sababu ana salio, na salio lenyewe lilikuwa fungu la serikali! Nilipanga foleni kitengo cha fedha asubuhi nzima. Kadi ilitolewa baada ya mimi kulipa kiasi fulani na kutia sahihi ahadi ya deni ambalo si langu. Hapo nakilaumu chuo bila kusita. Najua nacho kinabanwa, kina mishahara ya kulipa, lakini mtoto wa miaka ishirini hawezi kuidai Hazina ya Taifa.

Halafu ikaja 2023. Mfumo mpya wa ufadhili ukaelekeza ufadhili wa masomo kwa walio vyuo vya umma. Anayekwenda chuo binafsi akabakiziwa mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, na mfuko wa mzazi. Darasa la mpwa wangu lilikuwa la mwisho kuingia kwa mpango wa zamani, na tofauti inaonekana kwa macho. Wao walijaza ukumbi wa mihadhara. Waliowafuata wanakaa chumba cha semina. Masomo ya hiari aliyoyataka mwaka wa tatu hayakufundishwa kwa kukosa watu, akasoma ya uhasibu ambayo hayakuwa moyoni mwake. Mkahawa wa chini umefungwa.

Naelewa hoja kwamba pesa za umma ziende vyuo vya umma. Ninachokataa ni kuvishawishi vyuo vipanue madarasa, kisha kuviacha na deni na viti vitupu, huku watoto waliopelekwa huko wakiwa bado hawajahitimu.

Kwa masomo nawapa nyota nne kati ya tano, kwa kitengo cha fedha moja. Anayempeleka mtoto leo aombe jedwali la karo la miaka yote minne lililotiwa muhuri, aulize darasa la mwaka jana lilikuwa na wanafunzi wangapi, na aulize ni masomo gani ya hiari yaliyofundishwa kweli muhula uliopita. Ofisi ya udahili itakuelekeza kwa mkuu wa idara; nenda umwone, ni mtu msikivu.