TAHADHARI: Pampu za dizeli za injini ya 1HZ "za Japani" kutoka Gerezani, nimetapeliwa mchana kweupe

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sijali. Yule muuza spea wa Gerezani niliyemsifia kwenu humu kwamba hatimaye nimepata mtu mwaminifu ni tapeli. Tapeli wa kukaa na kupanga.

Mkonga wangu, Land Cruiser yenye injini ya dizeli ya 1HZ, mnaujua, na shida yake mnaijua tangu nilipowaandikia lilivyonizimikia mlimani Soni. Tambarare gari linakimbia vizuri, Segera hadi Chalinze huoni tatizo lolote. Ukianza kupanda kutoka Mombo na mbolea nyuma, linapungua nguvu, linamisi, linazima. Napampu kwa mkono pale juu ya filta mpaka panakuwa pagumu, linawaka, tunasogea, linazima tena. Filta ni mpya. Ndiyo maana nilipomaliza kushusha karoti Ilala nikasema sirudi mlimani na gari la namna hii, nikaelekezwa Gerezani, kule kwenye maduka ya spea Kariakoo.

Sasa sikilizeni alivyofanya. Alinipokea kwa heshima zote, "karibu kaka, kaa hapa kivulini," akaagiza maji. Hakukimbilia kuuza. Aliniuliza maswali ya fundi kabisa: moshi ni mweupe au mweusi? Linazima likiwa la moto tu au hata la baridi? Mkanda wa taimingi ulibadilisha lini? Mtu anayeuliza hivyo utamdhania mwizi? Nilikuwa nimetoka kwenye maduka ambayo mtu hainuki hata kwenye kiti, anataja bei tu. Huyu alitoka nje, akafunua boneti mwenyewe, akaufuata mpira wa dizeli kwa kidole kuanzia kwenye filta mpaka kwenye pampu.

Kisha akamwita kijana wake. Kijana akaingiza mkono kwenye pampu na spana namba 17, akasema anakaza tu. Mimi wakati huo niko upande wa pili, bosi wake ananionyesha mkanda. "Haya kaka, washa." Nikawasha. Injini ikanguruma kidogo, ikaanza kutetemeka, ikazima. Nikawasha tena, selfu inazungusha, hakuna kitu. "Umeona? Pampu haivuti. 1HZ haina pampu nyingine ya kuisukumia dizeli, inavuta yenyewe kutoka kwenye tangi. Ikilika ndani, mlimani haikufikishi." Na hilo la kuvuta yenyewe ni kweli! Alichanganya ukweli na wizi, na mtu yeyote anayeijua injini hiyo angekubali. Lakini gari langu lilifika pale linawaka, likazima baada ya mkono wa yule kijana. Hakukaza chochote. Alilegeza bolti ya kuingizia dizeli ili pampu ivute hewa.

Akatoa pampu ndani, imefungwa nailoni, inang'aa rangi ya fedha. "Hii imeshuka na injini yake kutoka Japani, haijawahi kufunguliwa." Milioni moja na laki nne, nikimwachia yangu anapunguza laki mbili. Nikatuma kwa simu milioni moja na laki mbili. Wakanifungia hiyo yao, pampu yangu ikapelekwa nyuma ya pazia la duka mbele ya macho yangu. Nikilikumbuka lile pazia tumbo linaniuma.

Njiani kurudi mlimani, Korogwe nikasimama kunywa chai. Kurudi, gari haliwaki. Fundi mmoja mzee pale hakushika hata spana. Alichota maji, akaimwagia pampu kidogo kidogo, akasubiri. "Washa, mwanangu." Likawaka. Akanieleza: pampu imelika ndani, dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inavujia pembeni ya plunja, kile chuma kinachosukuma dizeli ndani ya pampu, badala ya kwenda kwenye nozeli. Ukiipoza inashika kwa muda. Akakwangua rangi kwa bisibisi. Chini yake mikwaruzo ya spana kila kona, kibati cha namba kimeng'olewa, na ile bolti ya kurudishia dizeli iliyoandikwa OUT, yenye tundu dogo la kubana presha ya ndani, haipo. Wameweka bolti ya kawaida. Eti haijawahi kufunguliwa!

Halafu akafunga kipande cha mpira unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu. Mapovu yanapita mfululizo. Akaweka galoni la dizeli juu, akaleta mpira wake moja kwa moja mpaka kwenye pampu, mapovu yakakata. Kumbe hewa ilikuwa inaingia huku nyuma: mpira wa kutoka tangini umepasuka pale kwenye klipu, diaframu (mpira wa ndani) ya ile pampu ya mkono ya juu ya filta imechanika, na chujio la ndani ya tangi limejaa tope. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya mlimani tangu mwanzo. Pampu yangu ilikuwa nzima, na yule mwizi alijua ni nzima ndiyo maana aliitaka!

Nimempigia. "Spea za mtumba hazina garantii," akakata, akaifungia namba yangu. Huyu mtu akamatwe. Anyang'anywe leseni, duka lifungwe, na kijana wa spana asiachwe. FCC, Tume ya Ushindani, wenye kazi ya bidhaa bandia waende wapekue nyuma ya lile pazia, wataona pampu za watu. Sisi tunalala njiani na mboga zinaoza, yeye ananunua rangi ya kopo anatajirika. Jela, hakuna kingine.

Mtu akikwambia pampu imekufa, mwambie aweke galoni kwanza. Akigoma ondoka. Dalili nyingine za wizi: rangi mpya, kibati hakuna, anang'ang'ania umwachie ya zamani, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatoi, anakuandikia kikaratasi kisicho na jina la duka kama changu. Na msimame upande ule ule anaoshika fundi.

Pampu yangu ina alama: mkono wa eksileta ulikatika ukachomelewa, weldi inaonekana wazi upande wa juu. Aliyeuziwa au anayeiona kwenye gari lolote anitafute, na wengine mliolizwa na mtu huyo huyo njooni na vikaratasi vyenu. Jumatatu naenda kituo cha polisi Msimbazi kufungua jalada, tukiwa wengi hawatatuzungusha.