Fundi wa avioniki akivua magwanda: ndege za abiria au kituo cha data?

Swali hili huulizwa sana na ndugu zetu waliotumikia jeshi la Marekani kama mafundi wa avioniki, yaani vifaa vya elektroniki vya ndege: waende kwenye ndege, au kwenye kituo cha data, jengo lenye kompyuta nyingi za kuhifadhi na kuchakata data?

Tuanze na karatasi, maana hapo ndipo wengi hukwama. Ndege za kiraia kwa kawaida zinadai cheti cha ufundi cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani. Kukipata kwa njia ya uzoefu, unaonyesha miezi 18 ya kazi kwa upande mmoja, bodi ya ndege au injini, au miezi 30 kwa pande zote mbili, kisha unafanya mitihani ya maandishi, ya mdomo na ya vitendo. Shida ni kwamba aliyeshinda miaka kwenye rada na redio huenda hajagusa injini, na mkaguzi atamuuliza hilo. Kwa hiyo kabla hujaaga kikosi, omba barua inayotaja kazi zenyewe, si cheo tu. Kituo cha data hakidai leseni ya serikali. Ukijua kusoma mchoro wa saketi na kufuatilia hitilafu kwa multimita hadi kwenye pini moja iliyopinda, umeshakubalika.

Kukitunza cheti si kazi: hakiishi muda, ila lazima uwe umefanya kazi hiyo angalau miezi 6 kati ya 24 iliyopita. Kwenye data, teknolojia hubadilika, nawe unasoma daima.

Zamu za usiku ziko kote. Baridi ya uwanjani Januari, hiyo ni ya ndege peke yake.

Mwenye familia inayosubiri mshahara mwezi ujao, data ina njia fupi. Mwenye akiba na moyo wa ndege, avumilie mitihani.